NYAYO ZA MTU NI MALI YAKE

Baadhi ya Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi na Yaeda Chini walikwisha kuvikwa vyombo vidogo vya kupokea ishara za setilaiti, na wataalamu wakachora njia walizopita kutafuta mizizi, asali na nyama. Matokeo yalichapishwa Marekani mwaka 2014. Hao angalau walikijua chombo: walikivaa kwenda porini, wakakivua. Mfanyakazi wa mjini je? Simu yake haivuliwi. Programu ya kuitia bodaboda yajua alalapo, asalipo, na daktari amwendeaye.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yamtaka mkusanyaji amweleze mtu shabaha yake kabla ya kukusanya. Vema. Lakini mara nyingi maelezo huja kwa Kiingereza, kurasa nyingi, na chini yake kitufe cha kukubali. Hiyo si ridhaa, ndugu.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Nyayo zilizo juu ya ardhi hiyo hazina hati. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, na iyaamuru makampuni yaeleze kwa Kiswahili, tena yasifuate nyendo za mtu mpaka mwenyewe atamke ndiyo.