Redio ya Mwana Aliyeko Ughaibuni

Mama mmoja, msomaji wetu wa Meru, ametuletea suala. Mwanawe afanyaye kazi Muscat amepata huko leseni ya redio ya ridhaa. Akija likizo anataka kuja na mtambo wake, asimamishe waya uani kwa mama, na mwingine Embu kwa dadake. Majirani wameshaanza kunong'ona: redio ya kusemezana na watu wa mbali, huo si upelelezi? Mama anauliza amkataze au amwache.

Kwetu sisi, asimkataze. Lakini mtambo usiwashwe kabla ya karatasi. Leseni ya Oman ni ya Oman. Masafa ya Kenya yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kurusha mawimbi bila idhini yake ni kosa la kisheria. Basi na aiandikie Mamlaka mapema, angali huko huko, aambatanishe nakala ya leseni na maelezo ya chombo, kisha asubiri jibu ndipo afunge sanduku. Forodhani wataulizia.

Ama huo upelelezi, mambo ni kinyume chake. Mwenye redio ya ridhaa haruhusiwi kusema kwa mafumbo ya siri. Hulazimika kutaja alama yake ya wito, ambayo kwa Kenya huanza kwa 5Z4 na kwa Oman kwa A4, na yeyote mwenye kipokezi humsikia. Hafanyi biashara wala hapigi muziki. Marehemu Sultan Qaboos bin Said alikuwa nayo leseni hii, akijulikana hewani kwa A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1. Watu wenye majeshi na mabalozi wangeitakia nini redio isikiwayo na kila mtu, kama si mapenzi tu?

Lipo ambalo mama hatalifurahia: redio hii haitampunguzia gharama ya simu. Kanuni za kimataifa huzuia kupitisha salamu za mtu asiye na leseni kutoka nchi hadi nchi, ila wakati wa maafa au pale serikali zimeruhusu. Akitaka kuzungumza na mwanawe hewani, na yeye atafute leseni. Wala umri si kizuizi. Tangu 2003 kanuni hizo hazilazimishi tena kujua alama za Morse, zilizowashinda wengi.

Na baina ya Meru na Embu pana Mlima Kenya, mita 5,199, ambao mabega yake barabara ya Chuka huyazunguka. Redio ndogo ya mkononi haitapenya hapo. Mawimbi mafupi yatafika, kwa kuwa hupanda hadi tabaka lililo mamia ya kilomita juu yetu, yakarudi chini ng'ambo ya mlima. Waya wake ni mrefu, hivyo dada wa Embu, ikiwa amepanga, amwarifu mwenye nyumba kabla haujapanda juu ya paa.