PESA ZA MCHANGO NA SAFARI ZA BARA HINDI



Mwaka huu karani wetu amepokea barua za kuomba mchango wa wagonjwa nyingi kuliko barua za madai ya mshahara. Nyingi ni za namna moja: mke, mzazi au mtoto wa mwenzetu ameshikwa na kansa, na jamaa wameamua apelekwe Bara Hindi. Wako wanaotoa kwa moyo, na wako wanaotoa huku wakinung'unika penye mashine. Sisi wa kamati twaona afadhali jambo hili lisemwe waziwazi.

Hatumlaumu mtu kwa kumhangaikia mgonjwa wake. Tena desturi ya kukimbilia ng'ambo hatukuianzisha sisi wenye mishahara midogo. Mwezi wa Julai 2019 Kenya iliwapoteza kwa kansa Bob Collymore wa Safaricom, Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, Gavana wa Bomet. Wote watatu walikuwa wametibiwa ng'ambo, na wote watatu walifariki Nairobi. Mungu awarehemu. Lakini mfanya kazi aonapo wakubwa wakipanda ndege husema moyoni, "Dawa iko huko," na habari ya kuondoka kwao hukumbukwa kuliko habari ya kurudi.

Sasa tufanye hesabu. Wengi hudhani gharama ni daktari na dawa tu. Matibabu ya mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, na mara nyingi huchukua majuma matano au sita. Dawa za dripu nazo hurudiwa kila baada ya majuma mawili au matatu, kwa miezi. Kwa hiyo mgonjwa hawezi kwenda peke yake, wala hawezi kwenda na kurudi upesi. Zatakiwa tikiti mbili, visa mbili, chumba cha kupanga, chakula, teksi ya kila siku, na amana ya hospitali kabla mgonjwa hajaguswa. Wanachama 300 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja tumepata 300,000, na waliokwisha kwenda watuambia kwamba fedha kama hizo huisha kabla matibabu hayajafika nusu. Hapo ndipo ekari ya Turbo inapouzwa na mkopo wa SACCO unapochukuliwa. Mwenzetu mmoja, ambaye hatumtaji, amekwisha mzika mkewe, na mkopo wa safari ile bado wakatwa katika mshahara wake. Baadaye ilijulikana kwamba wakala aliyewatengenezea safari alipewa fungu lake na hospitali ya huko. Mtu anayelipwa kwa kila mgonjwa anayepanda ndege hawezi kukushauri ubaki.

Jirani zetu wa Uganda waliyaona haya kwa ukali. Mwaka 2016 mashine ya mionzi iliyokuwa Mulago tangu 1995 iliharibika isitengenezeke, nayo ilikuwa ya pekee katika nchi nzima. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikakubali kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Barabara ya kutoka Malaba kwenda Nairobi yapita hapa kwetu Sisibo, na kila dereva ajua safari ile ni ya saa ngapi hata kwa mtu mzima wa afya. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Wasiokuwamo katika wale 400, na wasiokuwa na nauli, walifanya nini miaka hiyo miwili?

Sisi Kenya tusijisifu. Kwa miaka mingi mionzi katika hospitali za Serikali ilipatikana Kenyatta tu, na foleni yake ilikuwa ya miezi. Lakini mambo yamebadilika, na wanachama wengi hawana habari. Hapa Eldoret, Hospitali ya Moi ina jengo la Chandaria la kansa na maradhi ya kudumu, na dawa za dripu hutolewa humo. Serikali imejenga vituo vya kansa Nakuru, Mombasa na Garissa. Kansa ya koo la chakula, ambayo yatuua sana upande huu wa nchi, Tenwek kule Bomet wameishughulikia miaka mingi, na humtilia mgonjwa mpira wa kumwezesha kumeza. Ugonjwa huo ukigunduliwa umekwisha mfunga mtu koo, daktari wa Mumbai naye mara nyingi hana la zaidi.

Tena twalipa. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, bila kikomo. Mwenye 18,000 hutoa 495 kila mwezi. SHA ilipoanza, kikomo cha matibabu ya kansa kilikuwa shilingi 550,000 kwa jamaa moja kwa mwaka, na Oktoba 2025 Serikali ikatangaza kukipandisha hadi 800,000. Fedha hizi ni zetu. Hospitali zikisema hazijalipwa na SHA, na mgonjwa akaambiwa alete taslimu, hilo ni dai la mshahara kama madai mengine, na chama lazima kilishike.

Basi kamati yaleta maneno mawili mbele ya tawi. La kwanza, mfuko wetu usitoe fedha za safari ya ng'ambo kabla madaktari wa hapa hawajaandika kwamba matibabu hayo hayapatikani Kenya. La pili, katika mapatano yajayo na waajiri tudai siku moja kila mwaka, yenye mshahara kamili, ya kwenda kupimwa. Mwanamke anayesimama penye mashine tangu asubuhi hadi jioni hawezi kupimwa kansa ya mlango wa kizazi siku ya Jumapili, zahanati zikiwa zimefungwa. Ndiyo maana wengi wetu hufika kwa daktari wamechelewa, kisha twaanza kuandika barua za mchango.

Wengine watasema kamati imekuwa na moyo mgumu. Na waje mkutanoni waseme hivyo, kwa maana mwenye mgonjwa leo ana haki ya kusikiwa kwanza. Karani ataleta daftari la michango, kila mtu asome mwenyewe fedha zilikokwenda.