Kinga moja, watu wawili, na njia ya Kolwezi

Tangu tulipoanza mazoezi na kinga ya watu wawili, swali ni lile lile, kutoka Ruashi mpaka Kasapa: «Mutaweza kweli? Kilometa 300!» Na kwa sababu mmoja wetu haoni tangu utoto, swali la pili linafuata, kwa sauti ya chini, kama vile yeye hasikii pia: «Na huyu, anafanya nini pale nyuma?»

Anakanyaga. Baiskeli ya namna hii ina shene inayounganisha pedale za mbele na za nyuma. Miguu minne inazunguka pamoja, na mmoja akilegea, mwenzake anasikia papo hapo. Wa mbele anashika usukani na freni. Wa nyuma anatoa nguvu. Katika michezo ya Paralympique, wakishinda, medali wanapewa wote wawili. Basi ile sauti ya huruma, ndugu wasomaji, muiache.

Urefu wa njia hautuogopeshi sana. Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120, kisha karibu 180 mpaka Kolwezi. Kule Ufaransa kuna Paris-Brest-Paris, iliyoanza mwaka 1891: karibu kilometa 1.200, masaa 90, na kinga za watu wawili zinaingia. Lakini kwa nini twende mbali? Wenye makala wanaingia Lubumbashi kila siku, magunia yamepanda juu kuliko kichwa chao, na hakuna anayewapigia makofi. Sisi tunaita challenge, wao wanaita kazi.

Kinachotuogopesha ni ukingo wa njia. Kamyo za shaba na kobalti zinapita mchana na usiku. Wa nyuma ndiye anayezisikia kwanza. Kwa mlio tu anajua iliyojaa na ile tupu, anasema: «Iko moja inakuja, imebeba.» Wa mbele anaanza kutafuta mahali pa kutoka, na mara nyingi hapaoni, kwa maana lami imekatika kama kwa kisu, na chini yake ni mchanga. Mtu aliye peke yake anatupa mguu chini na kuruka. Wawili lazima wapatane kwanza. Tumezoea kusema «moja, mbili, toka», na wiki hizi tumerudia maneno hayo kuliko kitu kingine chochote. Mtelemko nao una shida yake: uzito ni wa watu wawili, freni zinapata moto, na kugeuka haraka haiwezekani.

Njia hii ina peaje. Pesa inalipwa, kila kamyo, kila siku. Tunaomba sehemu yake itengeneze metre moja na nusu kila upande, kwanza pale wenye makala wanapokuwa wengi, kwenye milango ya muji. Hatuombi kwa ajili yetu. Sisi tutapita mara moja tu na kurudi nyumbani. Na mashofere nao: Ufaransa, sheria inawataka waache metre 1,5 wanapompita mwenye baiskeli nje ya muji. Mbunge mmoja tu akitaka, hata kwetu inaweza kuandikwa.

Wapo wanaotushauri tuweke gari nyuma yetu, na taa zake zinawaka. Tutaliweka, rafiki ameshakubali. Lakini mwenye makala, nani atamwekea gari nyuma?

Tutaondoka mwanzo wa mwezi wa tisa, mbele ya mvua, saa kumi na moja ya asubuhi. Shofere utakayetuona kati ya Likasi na Fungurume, tuko wawili na mmoja haoni: punguza mwendo. Na ukikuta si sisi, ni baba mwenye magunia yake, punguza vile vile.