Sauti ya piano iliyogeuzwa: tusimhukumu kijana kwa uvumi

Siku hizi, katika baadhi ya makanisa yetu ya mashariki, kuna sauti mpya inayosikika kabla ya maombi au wakati mchungaji anapoanza kuita watu kwenye toba. Inaanza chini kabisa, kama pumzi ya mtu aliyelala. Inapanda pole pole, inavimba, halafu inakatika ghafula. Ni sauti ya piano, lakini imegeuzwa: mwisho wake umewekwa mwanzo, na mwanzo wake umewekwa mwisho.

Waumini wengine wanaipenda, wanasema inatuliza moyo. Wengine wanaiogopa. Wanauliza: kitu kinachotembea nyuma nyuma kinatoka kwa nani? Je, hakuna neno la siri lililofichwa ndani yake? Swali linaanzia nje ya mlango baada ya ibada, linaingia kwenye WhatsApp, na mwishowe linafika mbele ya wazee wa kanisa. Hapo anayeitwa kujibu ni kijana anayepiga kinanda, mara nyingine wa miaka 16 au 17. Kwa sababu hiyo jambo hili linafaa kuchunguzwa kwa makini.

Inatengenezwa namna gani

Ukibonyeza kitufe cha piano, nyundo ndogo inagonga nyuzi. Sauti inakuwa kubwa mara moja, halafu inafifia yenyewe hadi kimya. Sikio letu limezoea mpangilio huo: pigo kwanza, kufifia baadaye. Mtu akirekodi sauti hiyo na kuicheza kutoka mwisho kwenda mwanzo, anasikia kufifia kukiwa kukua, na pigo la nyundo linakuja mwishoni.

Kazi hiyo si ya jana. Mwaka 1948, mjini Paris, Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa alitengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa, za treni na za piano pia, akibadilisha mwendo wake na kuzigeuza. Mwaka 1971 kundi la Yes la Uingereza lilifungua wimbo wake unaoitwa Roundabout kwa sauti ya piano iliyogeuzwa. Wakati huo ilihitaji studio na mkanda. Baadaye ikaja sampla, yaani chombo kinachohifadhi sauti iliyorekodiwa na kuitoa kila unapobonyeza kitufe. Fairlight ya Australia ilitoka mwaka 1979, ikiwa na bei ya kununulia nyumba. Miaka ya 1980 kampuni kama Akai zikaleta sampla za bei ya chini zaidi. Leo programu ya bure kama Audacity inageuza sauti kwa kubonyeza mara moja. Kijana wa Goma, mji ambao mabenki yake yalifungwa baada ya M23 kuuteka mwishoni mwa Januari 2025, anaweza kuitengeneza kwenye kompyuta ya kuazima, akaihamishia kwenye kinanda chenye nafasi ya kupokea sauti za nje.

Kwa hiyo hakuna fumbo ndani yake. Ni sauti ileile ya piano tunayoimbia tenzi, isipokuwa imegeuzwa.

Kwa nini ni ngumu ibadani

Wanaodhani kijana anacheza tu wangemwonea huruma kama wangejua ugumu wa kazi yake. Piano ya kawaida inajibu papo hapo. Sauti iliyogeuzwa inachelewa: ukibonyeza sasa, kilele chake kinafika baadaye. Kama sauti ina urefu wa sekunde 4, na wimbo unakwenda kwa mapigo 60 kwa dakika, basi mpiga kinanda lazima abonyeze mapigo 4 kabla ya mahali anapotaka kilele kifike. Wimbo ukienda kwa mapigo 75, mapigo 4 yanachukua sekunde 3.2; basi inabidi sauti ikatwe upya iwe na urefu huo. Akiachia kitufe mapema, sauti inakufa kabla ya kufika kilele, na watu hawasikii kitu cha maana.

Kuna tatizo jingine. Katika sampla ya kawaida, sauti ikipandishwa inakuwa fupi pia. Sauti ya sekunde 4 ikipandishwa okta moja inabaki sekunde 2. Hivyo akibonyeza noti tatu za kodi pamoja, kila moja inafikia kilele kwa wakati wake, na kodi inavunjika. Ndiyo maana wenye uzoefu wanarekodi kodi nzima kwanza, kisha wanaigeuza ikiwa kitu kimoja. Au wanarekodi noti nyingi mbalimbali na kuzikata zote kwa urefu uleule. Na ili ule mwisho usikatike kama mlango uliobamizwa, wanapiga kodi ya piano ya kawaida palepale kwenye kilele, iipokee.

Hapo tunafika kwenye ugumu ulio wetu hasa. Kwetu mwimbishaji hafuati saa. Anaona watu wameguswa, anarudia kiitikio mara tano. Akina mama wanaongeza mwendo, ngoma inawafuata. Sauti iliyokatwa kwa sekunde 3.2 haiwezi kufuata. Ama itachelewa, ama kijana atajaribu kulazimisha kanisa liende kwa mwendo wa mashine yake. Huu ni upungufu wa kweli wa sauti hii katika ibada zetu, na haumhusu shetani.

Woga huu ulitoka wapi

Hofu ya sauti za nyuma ilienea sana Marekani katika miaka ya 1980. Wahubiri kadhaa walifundisha kwamba sahani za muziki wa rock zikichezwa nyuma zinatoa maneno ya kumsifu shetani. Mwaka 1982 kamati ya bunge la California ilisikilizishwa wimbo wa kundi la Led Zeppelin ukichezwa nyuma. Mwaka 1983 bunge la Arkansas lilipitisha muswada wa kudai sahani za namna hiyo ziwekewe onyo. Gavana Bill Clinton aliurudisha, nao ukaanguka. Mwaka 1990, mjini Reno, kundi la Judas Priest lilishitakiwa na familia za vijana wawili waliojipiga risasi. Jaji aliamua kwamba kundi halikuwa na hatia.

Katikati ya kelele hizo, watafiti wawili wa Kanada, John Vokey na Don Read, walifanya jambo la busara: walipima. Katika utafiti waliochapisha mwaka 1985 waliwasikilizisha watu maneno yaliyogeuzwa, na miongoni mwake ilikuwamo Zaburi ya 23. Wasikilizaji waliweza kutambua kama anayesema ni mwanamume au mwanamke. Maana ya maneno hawakuipata, wala hayakubadili mawazo yao. Lakini watafiti walipowaambia mapema maneno fulani ya kutafuta, wasikilizaji wengi waliyasikia, hata kama hayakuwekwa na mtu yeyote.

Ndugu wasomaji, tutulie hapo kidogo. Sikio lililoambiwa la kusikia, litasikia. Na piano haina hata maneno ya kugeuzwa. Mtu anayesema amesikia jina baya ndani ya kodi ya piano huenda hasemi uongo. Labda amesikia kile alichoandaliwa kusikia na ujumbe wa sauti uliomfikia Jumamosi jioni.

Hatari iliyo karibu zaidi

Sisi wa mashariki tunajua uvumi unafanya nini. Tumeona kijiji kikikimbia kwa habari ya uongo, na watu wakipigwa kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyelithibitisha. Katika nchi yetu watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na ni aibu kwetu kwamba mara nyingine neno hilo lilitoka kinywani mwa mtu aliyeshika Biblia. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2006 inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu.

Kijana wa miaka 16 anayeambiwa mbele ya watu kwamba kinanda chake kinaita mapepo, yuko hatua moja tu kutoka kwenye neno hilo. Ataacha kinanda, hilo ni dogo. Huenda ataacha kanisa. Na tunajua ni nani wengine wanaowatafuta vijana wasio na mahali pa kwenda.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19, haikuruhusu mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Paulo aliwaagiza Wathesalonike kujaribu mambo yote na kushika lililo jema. Kujaribu ni kusikiliza, kuuliza, kumwomba kijana aonyeshe anavyofanya. Kuna wamisionari waliokataza ngoma kanisani kwa sababu waliisikia wakiwa na hofu, bila kuuliza. Leo ngoma hiyo inamsifu Mungu katika parokia zetu nyingi. Tusirudie kosa lile kwa watoto wetu.

Swali linalofaa kuulizwa

Hata hivyo, kusema sauti si ya shetani hakumaanishi kwamba inafaa kila mahali. Katika 1 Wakorintho 14 Paulo anaweka kipimo kingine: mambo yote yatendeke ili kulijenga kanisa. Kwa kipimo hicho kijana naye ana la kujibu.

Tufikiri juu ya wale wanaoketi katika viti vyetu. Wengi wamepita katika mabomu. Wengine wamelala kambini na kukimbia tena. Sauti inayokua bila kuonekana inakotoka, kisha inakatika ghafula, inaweza kumrudisha mama mmoja kwenye usiku ambao anajitahidi kuusahau. Yeye hana ushirikina, ana jeraha. Paulo aliyekuwa tayari kuacha nyama kwa ajili ya ndugu yake, hangeshindwa kuacha sauti moja kwa ajili ya mama huyo. Sababu ya namna hii kijana anaielewa, kwa maana hata yeye alikimbia.

Tunapendekeza basi mambo manne kwa wachungaji na kamati za muziki.

Kwanza, malalamiko juu ya sauti yoyote yapelekwe kwa mchungaji na kiongozi wa muziki, wala si kwenye WhatsApp. Kijana aitwe pamoja na mzazi wake, aelezwe kwa heshima, naye asikilizwe.

Pili, siku moja ya mazoezi, kijana awaonyeshe wazee kazi yake: acheze kodi ya kawaida, kisha aigeuze mbele yao. Dakika tano zinatosha kuondoa fumbo. Wengi watacheka, na mmoja ataomba ajaribu.

Tatu, sauti iliyogeuzwa itumike kidogo na kwa upole: pale ambapo hakuna anayeimba, kama kabla ya usomaji, ikiwa chini, na mwisho wake ukipokelewa na kodi ya kawaida. Watu wanapoimba, kinanda kiwafuate wao. Ikiwa kijana anahesabu sekunde zake na hasikii tena kanisa, afunge sampla arudi kwenye piano.

Nne, kama kuna anayeumizwa na sauti hiyo, iachwe, na kanisa liambiwe kwa nini: ni kwa upendo, si kwa sababu kijana alifanya uovu. Maneno hayo yasemwe wazi, mbele ya watu wote, kama shutuma ilivyosemwa wazi.

Umeme ukikatika katikati ya ibada, sampla inanyamaza na wimbo unaendelea. Hilo linatuonyesha kinanda ni msaidizi tu. Lakini kijana aliyekaa nyuma yake ni kiungo cha mwili wa Kristo. Kanisa linaweza kuishi bila sauti hiyo. Kumpoteza mtoto kwa neno ambalo hakuna aliyelipima ni hasara ambayo tutaulizwa.