Wanafukuzwa siku moja, wanakuwa kikundi

Kila mara kijana wa miaka 14 anapokamatwa usiku huku Goma, Birere ao Majengo, wakubwa wanasema: ni kikundi ndicho kilimuharibu. Sawa. Lakini tuanzie asubui.

Tangu 2019 masomo ya msingi ni bure. Kisha hapo minervali inaanza. Siku ya kufukuza, majina yanasomwa, watoto wanatoka pamoja na vitabu vyao. Nyumbani wanaogopa kurudi, mama yuko sokoni. Wanabaki ku barabara, na kesho yake vile vile. Mukubwa wao ni yule aliyefukuzwa mwaka uliopita. Yeye ndiye anawapa mukate, kisha anawapa kazi.

Sheria ya 10 Januari 2009 inakataza kuingiza mtoto katika kikundi chenye silaha. Mwenye bunduki hahangaike kutafuta, anawakuta wamekaa.

Nguvu ya rafiki tunaijua: wengi wetu tulifika ku salongo mara ya kwanza juu mwenzetu alituita, hata hatukujua ni ya nini.

Ndugu prefe, na ninyi komite ya wazazi: deni ni la mzazi. Muiteni yeye, mumuache mtoto darasani.