Rubani Amsikilize Nani?

Rubani wa ndege ya injini moja akishaacha mnara wa waongoza ndege nyuma yake na kuingia juu ya mapori ya Katavi, hubaki na uamuzi ambao abiria wake hawaujui kabisa: redio yake aifungulie masafa gani? Mimi si rubani. Lakini nimefundisha masuala ya umma kwa miaka mingi, na swali hili naliona kuwa ni la utawala kabla ya kuwa la ufundi.

Masafa ya dharura ya dunia nzima ni megahezi 121.5. Wako wanaosema hayo ndiyo ya kusikilizwa daima, na wana hoja nzito: tangu Februari 2009 satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat zimeacha kuyafuatilia, zikabaki na megahezi 406. Kwa hiyo anayelia kwa sauti katika 121.5 leo hutegemea masikio ya watu.

Hata hivyo, mwenye redio moja tu sidhani kama apaswa kukesha hapo. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo mita 300 juu ya nchi tambarare husikika ardhini umbali wa kilomita 70 hivi, na kilima kimoja chatosha kuyakata. Hatari iliyo karibu na rubani huyu ni mwenzake anayeshukia kiwanja kilekile cha changarawe kutoka upande wa pili. Basi asikilize masafa ya eneo lile, atangaze alipo, kimo chake na aendako. Akipatwa na janga, ahamie 121.5. Wa kuyalinda masafa hayo muda wote ni ndege kubwa zipitazo juu kwenye kimo cha mita 10,000, zenye redio mbili au tatu, na ambazo kwa urefu huo humsikia hata yule asiyesikika na mnara wowote. Mwenye uwezo mkubwa abebe mzigo mkubwa. Kodi nayo, nijuavyo, ilikusudiwa iwe hivyo.

Lakini ushauri huu wote waporomoka ikiwa hakuna aliyeamua masafa ya eneo ni yapi. Marubani wawili wenye redio nzima, kila mmoja akitangaza kwa uaminifu katika namba yake, waweza kugongana bila kusikiana.

Tarehe 13 Septemba 1997, Tupolev ya jeshi la anga la Ujerumani na C-141 ya Marekani ziligongana juu ya Atlantiki, nje ya pwani ya Namibia. Watu 33 walikufa. Tupolev ilikuwa katika kimo kisichostahili uelekeo wake, na taarifa za safari yake hazikuwa zimefikishwa kwa wote waliopaswa kuzipata. Katika sehemu kubwa ya anga la Afrika, marubani wa mashirika hutangaziana wenyewe kwa wenyewe katika megahezi 126.9, utaratibu uliowekwa na chama cha kimataifa cha mashirika hayo, IATA, kwa kuwa mawasiliano na ardhini hayakuaminika. Nawasifu. Ila nauliza: ada za kupita angani, ambazo serikali zetu hutoza kila ndege, hulipia huduma gani pale ambapo abiria huokolewa na hisani ya rubani mwingine?

Mamlaka za anga zitangaze namba moja kwa kila eneo la pori, ichapwe kwenye ramani, na ibandikwe kwenye kila kiwanja, hata kile chenye kibanda kimoja cha mabati.