Pwani Yaanzia Kawangware

Simama steji ya 46, Kawangware, mvua ya Aprili ikishapiga, uitazame mitaro. Chupa za soda, nepi, ndara zilizokatika mkanda, vyote vinateremka kuelekea Mto Nairobi. Mto huu hutoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hukatiza jiji, hujiunga na Athi. Athi nao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia Bahari Hindi kaskazini ya Malindi. Motoine wa Kibera nao, ukishapita Bwawa la Nairobi, huishia huko huko.

Ndiyo maana toleo hili la vijana na uhifadhi wa pwani linaanzia bara. Anayeokota chupa ufukweni tunamwita mwanaharakati. Anayezibua mtaro Kibera tunamwita mzoa taka. Bahari yao ni moja, na huyu wa Kibera anaikuta taka kabla haijafika majini. Astahili heshima ile ile.

Ila heshima peke yake haitoshi, wala gunia halitoshi. Vijana wanasafisha Jumamosi, Jumatatu mto umerudi ulivyokuwa, kwa sababu nyumba zilizo juu yake hazina mabomba ya maji taka. Hiyo ni kazi ya serikali. Kijana hawezi kuifanya kwa reki.

Hapa ndipo Pwani ina la kutufunza. Owino Uhuru, Mombasa, ni mtaa wa mabati kama yetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia wakazi sumu ya risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walikwenda kortini, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Lamu nako, mwaka 2019, wakazi walifanikiwa kufutisha leseni ya mtambo wa makaa ya mawe. Sheria iliyowabeba ni yetu pia: kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Basi, vijana wa Kawangware na Kibera, msiliweke gunia chini, lakini shikeni na daftari. Kila bomba linalomwaga uchafu mtoni lipigeni picha, andikeni mahali na tarehe, mzihifadhi kumbukumbu hizo. Siku ya kwenda kortini zitahitajika.